Bastola nusu-otomatiki inafanyaje kazi: maswali mnayoniuliza kila siku

Mie nilikuwa fundi silaha miaka mingi, sasa hivi nimestaafu nina kibanda cha kutengeneza cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kila jioni barazani lazima atokee mtu na swali la bastola. Wengine ni walinzi, wengine wana kibali na silaha yao kihalali, wengi wameangalia muvi tu. Maswali ni yale yale kwahiyo nimeyaandika mara moja, ukiniuliza tena ntakuelekeza huku. Haya ni maelezo ya namna inavyofanya kazi, kulenga shabaha utafundishwa renji na mwalimu mwenye kibali.

## Mwanzo kabisa

Nusu-otomatiki maana yake nini? Nusu ya nini?

Nusu ya kazi. Bastola yenyewe inatoa ganda lililotumika, inajikoki (inajiweka tayari kufyatua tena), inaingiza risasi nyingine, ila kufyatua inakuachia wewe. Unavuta triga mara moja inatoka moja, ukitaka ya pili uiachie triga irudi mbele kwanza halafu uvute upya. Ndani kuna kidude kidogo sana ambacho kila slaidi (lile chuma la juu) ikirudi nyuma kinaikata triga isiwe na mawasiliano na nyundo (kile kinachogonga pini ya risasi), ndo maana hata ukiibana na kuing'ang'ania haitoki ya pili.

Tofauti yake na rivolva?

Rivolva ina lile gudulia la kuzunguka, mara nyingi nafasi sita, na kila nafasi ni chemba inayojitegemea. Nguvu ya kuzungusha inatoka kwenye kidole chako, na maganda yanabaki humo humo mpaka uyatoe mwenyewe. Nusu-otomatiki ina chemba moja tu na risasi zinasubiri foleni kwenye magazini ndani ya kitako, na kazi ya kuzileta inafanywa na nguvu ya risasi iliyotangulia. Ganda kwenye ile chemba ni kama wanavyosema watu wa Tanga, waja leo waondoka leo.

Risasi ni ipi na ganda ni lipi? Mbona mnachanganya?

Tunachanganya kweli. Kitu kizima tunakiita risasi ila ni vitu vinne: ganda la shaba (shaba iliyochanganywa na zinki), fataki pale katikati ya kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka kwenda mbali ni kichwa peke yake. Kwa 9mm ya kawaida kichwa kina gramu 7.5 mpaka 8 hivi, na kinatoka na mwendo wa mita 350 na kitu kwa sekunde, yaani kimeipita kidogo kasi ya sauti. Hiyo 9 ni upana wa kichwa, na ukiona imeandikwa 9x19 basi 19 ni urefu wa ganda kwa milimita. Angalia hiyo namba ya pili kwasababu 9x18 ya Makarov (bastola ya Kirusi) ni risasi nyingine kabisa, haiazimani na 9x19.

Sehemu zake zinaitwaje?

Fremu ndo mwili wa chini unaoushika. Slaidi ni lile chuma la juu linaloenda mbele na nyuma. Mtutu uko ndani ya slaidi, na ndani ya mtutu kuna michirizi iliyojizungusha ambayo inakizungusha kichwa kisipepesuke hewani. Nyuma ya mtutu ndo chemba, chumba cha risasi moja, ukisahau majina yote hilo usilisahau. Halafu kuna springi ya kurudisha slaidi, magazini, triga, na pini ya kugonga fataki.

## Ndani kunatokea nini

Nikivuta triga kinatokea nini hatua kwa hatua?

Mwenye cherehani ataelewa haraka. Ukizungusha gurudumu mara moja sindano inashuka, kule chini uzi unakamatwa, sindano inapanda, meno yanasogeza kitambaa, kila kimoja kwa zamu yake na kimoja kikichelewa uzi unakatika. Bastola nayo ni zamu.

Triga inaachia nyundo, nyundo inagonga pini, pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti. Baruti ikiungua inakuwa gesi na gesi inataka nafasi. Ganda la shaba linatanuka kidogo linajibana kwenye kuta za chemba, gesi isirudi usoni kwako, kwahiyo njia iliyobaki ni kukisukuma kichwa mbele. Sasa kila kinachosukumwa mbele kinasukuma nyuma vilevile, na huo msukumo wa nyuma ndo mshahara wa bastola. Slaidi inarudi nyuma, kucha moja ndogo inalivuta ganda kutoka kwenye chemba, ganda linajigonga kwenye kijiti kilichosimama upande wa pili linaruka nje, mara nyingi upande wa kulia. Slaidi ikiwa inarudi nyuma inailaza nyundo, imekoki. Ikifika mwisho springi inairusha mbele, njiani inaikwangua risasi ya juu kwenye magazini inaisukuma ndani ya chemba, mlango unafungwa. Hayo yote hayamalizi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, ndo maana jicho linaona kitu kimetikisika tu.

Nimeona mtutu unainama ukivuta slaidi, ni mbovu?

Si mbovu, hapo ndo penye akili yenyewe. Fikiria presha. Tairi ya gari ndogo unajaza PSI 30 hivi pale gereji, sasa 9x19 kiwango chake cha juu ni PSI 35,000, zaidi ya tairi elfu moja ndani ya kichumba kinachoenea kwenye kidole. Mlango wa chemba ukifunguka mapema kichwa bado kiko kwenye mtutu, ganda linapasuka na wewe unapata vipande.

Kwahiyo mtutu na slaidi vinafungamana, vinarudi nyuma pamoja milimita chache, kufikia hapo kichwa kimeshatoka na presha imeshuka, ndo mtutu unainama kwa nyuma unaachana na slaidi, slaidi inaendelea na safari peke yake. Hiyo ni kazi ya John Browning wa Marekani, ipo kwenye bastola yake ya M1911, ipo kwenye Tokarev, ipo hata kwenye Glock japo imerekebishwa. Beretta 92 yeye mtutu wake hauinami, kuna kipande cha chuma chini yake kinachoshuka badala yake.

Zenye risasi ndogo kama Makarov na Walther PPK hazina kufungamana kokote, mtutu umekazwa kwenye fremu na kinachochelewesha mlango ni uzito wa slaidi na ukali wa springi basi. Ndo maana Makarov ni ndogo lakini mtu akiivuta slaidi mara ya kwanza anadhani imekwama.

Nani alianza kuitengeneza?

Hakuna mmoja. Hugo Borchardt alitoa yake Ujerumani mwaka 1893, kubwa, inakaa vibaya mkononi, Georg Luger akaifinyanga upya ikawa Luger na jeshi la Ujerumani likaichukua 1908. Browning upande wa pili akaja na yake iliyopokelewa na jeshi la Marekani 1911, na wengi wanaifuata hiyo mpaka leo.

Ila kabla ya hao kuna Mfaransa Paul Vieille aliyetengeneza baruti isiyo na moshi 1884. Ile nyeusi ya zamani inaacha masizi mengi, chuma kinachotakiwa kuteleza chenyewe kinagoma baada ya muda mfupi. Sisi wa Tanga baruti hiyo tunaijua kwa historia: vita vya hapa Novemba 1914 askari wengi upande wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za baruti nyeusi, ukifyatua tu wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako, adui hana haja ya kukutafuta. Bado wakashinda, na nyuki nao wana sehemu yao, ila hiyo stori ya baraza lingine.

Mbona nyingine zina nyundo nyuma na nyingine hazina?

Ziko za aina tatu. M1911 nyundo lazima iwe imelala nyuma tayari, triga inaiachia tu, kwahiyo triga ni nyepesi na fupi. Makarov na Beretta 92 triga inaweza kuilaza nyundo yenyewe halafu kuiachia, kwahiyo ya kwanza ni nzito na ndefu, ya pili na kuendelea nyepesi kwasababu slaidi imeshakoki. Wageni inawachanganya sana hiyo, ya kwanza inaenda chini na ya pili inaenda inakojua yenyewe. Glock haina nyundo kabisa, ina pini yenye springi yake ndani ya slaidi, uzito wa triga ni ule ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

## Sefti, na ile chemba

Nimetoa magazini, si imekuwa tupu?

HAPANA. Ningekuwa na uwezo ningeandika swali hili peke yake nikaubandika mlango mzima wa kibanda.

Magazini ni ghala. Iliyoko kwenye chemba imeshatoka ghalani, haijui habari za magazini. Ukitoa magazini umezuia zinazofuata, ile moja ipo na inatoka kama kawaida. Kuna bastola chache kama Browning Hi-Power ambazo bila magazini triga haifanyi kazi, ila Glock inafyatuka, Makarov inafyatuka, Beretta 92 inafyatuka.

Enzi niko kazini alikuja mzee mmoja mfanyabiashara, mstaarabu, kanzu imepigwa pasi, anataka springi ibadilishwe. Akaitoa akaiweka juu ya meza, mtutu unamwangalia kijana wangu wa kazi. Nikamwambia mzee shikamoo, igeuze kwanza ukutani. Akacheka, "Tupu hiyo fundi, magazini hii hapa mfukoni." Nikaichukua nikavuta slaidi. Ikaruka moja, nzima, ikagonga simenti tink, ikajiviringisha mpaka chini ya kabati. Mzee hakusema kitu, akakaa kwenye benchi akaomba maji. Alikuwa amekaa nayo hivo nyumbani, na wajukuu, tangu mwezi uliopita.

Utaratibu ni huu na haubadilishwi mpangilio: mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole nje ya triga, toa magazini, HALAFU vuta slaidi na uishike nyuma, angalia chemba kwa macho na ingiza kidole kama ni giza. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, unatoa moja na unapoiachia slaidi unaingiza nyingine. Umejidanganya mwenyewe.

Sefti (kitasa cha kuizuia isifyatuke) ikiwa juu ni salama au ni hatari?

Inategemea na bastola, ndo ubaya wake. Makarov juu ni salama, chini inafyatua, na ukipandisha inailaza nyundo mbele kwa usalama pia. M1911 juu ni salama. Beretta 92FS chini ndo salama! Mlinzi aliyezoea Makarov akipewa Beretta mkono wake unafanya kinyume bila yeye kujua. Kingine, Makarov na M1911 sefti ikiwa imefungwa slaidi haivutiki, Beretta inavutika. Usimuulize jirani, soma kitabu cha silaha yako.

Glock mbona haina sefti?

Inazo tatu ila zote ziko ndani, hazina kitasa cha kubonyeza. Kuna kiulimi katikati ya triga, kuna kizuizi cha pini, na kuna cha kuzuia isifyatuke ikianguka. Zote zinafunguka zenyewe kidole kikivuta triga sawasawa, kwahiyo kwa Glock kidole chako ndo sefti ya nne na ndo inayofeli zaidi. Halafu jua hili, Glock ili uifungue kuisafisha lazima uvute triga kwanza. Asiyekagua chemba anakuja kujua hapo, na ukuta unajua pia. Rudi swali la magazini hapo juu.

Ikianguka chini inaweza kufyatuka yenyewe?

Za zamani baadhi ndiyo, kwasababu pini iko huru, ikianguka kwa mdomo pini inaweza kwenda mbele kwa uzito wake ikagonga fataki. Nyingi za sasa zina kizuizi kinachoishika pini mpaka triga ivutwe. Kikubwa ikikuponyoka USIIDAKE. Iache ianguke. Mkono unaodaka unapitisha kidole kwenye triga, hapo ndo watu wanaumia.

Kwenye muvi ikiisha wanabofya tik tik tik, ni kweli?

Uongo mtupu. Ikiisha, sahani ya magazini inakisukuma kikono na slaidi inabaki imefunguka nyuma, unaiona na unaihisi. Wanasahau pia kwamba kukoki kila baada ya maneno mawili kungekuwa kunatupa risasi nzima chini.

## Ikigoma

Inakwama kwanini?

Enzi niko kazini nikipewa bastola inayokwama nilikuwa naanza na magazini, naendelea nayo mpaka nihakikishe haina kosa, ndo nageukia bastola. Ile midomo miwili ya juu inayoshika risasi ikipinda hata kidogo, risasi inakuja na pembe mbaya inagonga ukuta badala ya kuingia. Watu wanaiangusha kwenye sakafu kisha wanashangaa.

Ya pili ni mkono. Ukiishika kilegevu fremu inarudi pamoja na slaidi, slaidi inakosa pa kujiegemeza, haifiki mwisho, ganda linabanwa mlangoni limesimama kama bomba la moshi. Mtu mwingine akiishika hiyo hiyo inapiga vizuri tu, mwenye nayo anaona kama amerogwa. Ya tatu ni uchafu, na kucha ya kuvutia ganda iliyolika.

Nimevuta triga kimya, haikulia. Nifanyeje?

Usiigeuze uiangalie mdomoni! Ishike mtutu ukielekea shabaha hivo hivo sekunde 30, fataki nyingine inachelewa kuwasha. Baada ya hapo ndo unatoa magazini na ile risasi.

Na ikilia kidogo tu, kama puu?

Hiyo mbaya kuliko kimya. Inawezekana baruti ilikuwa pungufu na kichwa kimebaki katikati ya mtutu. Ukifyatua ya pili nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. Acha hapo hapo, toa risasi zote, mpelekee fundi mwenye leseni auangalie mtutu.

Ganda linachoma?

Linachoma. Mie liliwahi kuniingia kwenye ukosi wa shati renji nikaanza kucheza msondo na bastola mkononi, mwalimu alinipigia kelele ambayo naisikia mpaka leo. Funga kifungo cha juu, vaa kofia na miwani, na likikuingia vumilia likuunguze, uiweke silaha chini kwanza.

## Mambo ya pwani

Bastola yangu inashika kutu haraka, nimeuziwa feki?

Umeuziwa nzima, unakaa Tanga. Hewa ya chumvi ikichanganyika na jasho la mkono inaandika alama za vidole juu ya slaidi siku mbili tatu tu, mie nimeona slaidi ya mtu wa Raskazone vidole vinne vimejichora rangi ya chungwa, ungeweza kumtambua. Fremu ya plastiki haishiki kutu lakini slaidi, mtutu, pini na springi ni chuma. Baada ya kukagua chemba, ifute kwa kitambaa cha pamba kikavu, kipande cha kanga kuukuu ni kizuri hakina manyoya, kisha oili ya silaha kidogo sana. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda yanakuwa gundi.

Na oili nyingi si mapenzi. Inakamata mchanga inakuwa msasa, na ikishuka kwenye risasi inaweza kuharibu fataki, ukaja kwenye lile swali la kimya.

Niiweke kwenye ala yake ya ngozi kabatini?

Usifanye hivo. Ngozi inanyonya unyevu na ina dawa za kuulainisha ule mnofu wakati wa kutengenezwa, ukilaza chuma humo wiki kadhaa unakuta kimeota kutu. Ala ni ya kubebea. Nyumbani ni kasha la chuma lenye kufuli, risasi mahali pake pengine.

Magazini ikikaa imejaa springi inakufa?

Hapana, springi nzuri inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, kukaa imebanwa peke yake hakuichoshi sana.

Imedumbukia baharini, imekufa?

Bado, ukiwahi. Itolewe risasi, isuuzwe na maji baridi ya bomba mengi, ikaushwe, ipelekwe kwa fundi ifunguliwe yote. Zile risasi usizirudishe.

## Maswali ya mwisho mwisho

Kufyatua tupu kwa mazoezi kunaiharibu?

Nyingi za sasa haziharibiki. Zile za risasi ndogo za .22 ndo usifanye, pini inagonga ukingo wa chemba na kuutoboa toboa.

Marehemu baba kaacha bastola kwenye sanduku, nifanyeje?

Usiivute slaidi kujaribu, usiibebe kwenye mfuko wa rambo kuja kunionyesha (imetokea, mbele ya wateja wa cherehani). Kibali kilikuwa cha baba, hakirithiwi na sanduku. Ifungie ilipo, watoto wasifike, nenda kituo cha polisi utoe taarifa wakuelekeze au waje waichukue. Sheria ya silaha ya 2015 haichezewi.

Fundi, si unirekebishie kidogo tu, springi tu?

Mie sina leseni hiyo tena. Leta cherehani.